Breki za Injinia

Mtaani walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kushona nguo. Alikuwa na chumba kimoja mbele ya nyumba yake, chenye vyerehani viwili, meza ya kukatia na kioo kirefu kilichopasuka kona, na humo alishona suruali, magauni na sare za shule tangu ujana wake. Jina la Injinia alilipatia nje ya chumba hicho, akiwa chini ya gari. Kila Jumapili, na siku yoyote ambayo wateja wamepungua, ungeona ndala zake zimechomoza chini ya gari, na sauti yake ikitoka huko huko ikimweleza mpita njia mambo ambayo hakuuliza.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, otomatiki, la miaka mingi. Alilinunua likiwa limeshachoka, akalifufua kidogo kidogo, na wenye wivu walisema gari lile linaoga kuliko mwenyewe. Alibadilisha oili mwenyewe, plagi mwenyewe, mkanda wa injini mwenyewe. Akimaliza hakunyamaza. "Hili halijawahi kuguswa na fundi," alikuwa akisema huku akijipiga kifua, na hapo alitia chumvi, kwa sababu giaboksi iliwahi kumshinda, akalipeleka gari gereji kimyakimya asubuhi ambayo jirani yake hayupo. Kwake yeye, mtu anayependa gari kisha anampa mwingine alitengeneze ni sawa na baba anayelipa mtu acheze na watoto wake.

Cha kuchekesha ni kwamba ukiingia kwenye chumba cha kushonea ulikuta mtu mwingine kabisa. Mteja akileta suruali aliyojaribu kuikunja mwenyewe nyumbani, Injinia aliinyanyua kwa vidole viwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaguna.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, fundi. Niliona ni kazi ndogo tu."

"Ingekuwa ndogo ungeimaliza. Kila kazi ina mwenyewe, mama. Siku nyingine usinisaidie."

Hakuona kama maneno hayo yanamhusu. Aliyasema asubuhi, na jioni akaingia uvunguni mwa gari na spana zake.

Mtu pekee aliyewahi kumgusia jambo hilo alikuwa fundi wa magari wa mtaa wa pili, jamaa mnene aliyeitwa Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno aliloanza nalo kila sentensi. Siku moja alileta suruali iliyochanika matakoni, ambayo tayari alikuwa ameishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Injinia alicheka mpaka akakaa chini.

"Taratibu, bwana," alisema fundi. "Mimi nakubali nimechemka. Ila wewe na gari lako mbona ni yale yale? Sisemi huwezi, mikono unayo. Lakini mimi nikikosea, mteja ananirudia. Ananisema mbele za watu mpaka nakosa pa kuficha uso. Kwa hiyo kila nati naifunga nikimuwazia yeye. Wewe ukikosea, nani atakurudia?"

"Mimi sikosei."

"Haya. Nishonee suruali."

Mke wa Injinia alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa uani, na mikate yake iliuzwa madukani mtaa mzima na mitaa ya jirani. Kwa muda mrefu shida yake ilikuwa kumbembeleza mumewe ampeleke, maana mara nyingi gari lilikuwa limevuliwa tairi. Ndipo akaamua kujifunza kuendesha. Injinia alimfundisha mwenyewe, bila shaka, na mkewe alishika haraka, akapita mtihani mara ya kwanza. Leseni yake aliipokea akaipangusa kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi. Tangu siku hiyo alisambaza mikate peke yake, akajulikana kwa wenye maduka kama dereva wa mikate, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyoonyesha.

Kulikuwa na kazi moja ya gari ambayo Injinia hakuifanya bila mkewe. Alipobadilisha pedi za breki alilazimika kuzisukuma pistoni zirudi ndani, ili pedi mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Ukishafanya hivyo breki inakuwa haina kitu. Lazima mtu akae kwenye kiti akanyage, akanyage, akanyage, mpaka pistoni zitoke tena na pedeli iwe ngumu. Usipokanyaga, atakayeliondoa gari ataikanyaga breki nayo itazama mpaka sakafuni. Kwa hiyo kila mara aliita, "Mama, njoo unikanyagie," naye alikuja na unga mikononi, akakaa, akakanyaga mpaka akaambiwa basi. Mtu huyu aliyemweleza kila mpita njia siri za injini hakuwahi kumweleza mkewe kukanyaga kule kulikuwa kwa nini. Naye hakuuliza. Alidhani mumewe anapenda tu kupata mtu wa kumwamrisha.

Sasa mama mkwe wake Injinia alikuwa amekuja kukaa nao ili atibiwe macho. Alikuwa mama mwenye heshima zake, aliyekaa wima hata kwenye kochi lililolegea, na mbele yake Injinia alikuwa mpole kuliko kawaida. Jumamosi moja mke alitakiwa kumpeleka kliniki. Ilikuwa mara ya kwanza bibi huyo kuendeshwa na binti yake, na binti aliamka mapema akapiga pasi gauni kana kwamba anakwenda harusini.

Injinia naye alitaka gari liwe safi kabisa kwa ajili ya mkwewe. Pedi za mbele zilikuwa zimeisha kiasi, zingeweza kungoja, lakini alikuwa na mpya kabatini na mikono ilikuwa inamuwasha. Akapiga jeki. Jirani yake, mzee mmoja waliyemwita Mstaafu, alitoa kiti chake barazani akakaa kutazama, na Injinia alipopata msikilizaji basi mdomo haukufungwa. Alifungua tairi huku akihubiri. Alisema mafundi wa siku hizi wanakimbizana na idadi ya magari, hawana mapenzi. Alisukuma pistoni, akapachika pedi, akarudisha tairi, akashusha jeki.

Hapo ndipo alipaswa kumwita mkewe.

Lakini mkewe alikuwa ndani anamfunga mama yake kilemba, na Mstaafu alikuwa amesema, "Hebu basi, Injinia, njoo usikilize langu, lina mlio." Kwa Injinia hayo yalikuwa maneno matamu. Akafuta mikono, akavuka ukuta mfupi, akainamisha kichwa chini ya boneti ya jirani. Kule kukanyaga alikujua kama anavyojua kufunga fundo mwisho wa uzi. Hakukuwaza tena.

Ua wa nyumba yao ulikuwa na mteremko kuelekea barabarani, na ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba inayojengwa. Mke alimkalisha mama yake kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akawasha gari, akaachia breki ya mkono. Gari likaanza kuteremka taratibu. Alikanyaga breki karibu na geti, kama alivyofundishwa. Mguu ukazama. Akakanyaga tena, ukazama. Gari lilipita geti, likakata barabara nzima, na hapakuwa na gari lingine wala mtu, ambalo ni jambo la kumshukuru Mungu mpaka leo. Likajikita kwenye rundo la mchanga wa wajenzi, kona yake ikagonga nguzo.

Injinia alipofika mbio, spana ya Mstaafu ikiwa bado mkononi, taa moja ilikuwa imepasuka na bampa imekunjika. Mama mkwe alikuwa na nundu kwenye paji la uso, miwani imevunjika. Mkewe alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, hataki kuuachia.

"Nimekanyaga breki," alisema. "Ikazama."

Watu walijaa. Taratibu aliitwa aje kulivuta gari. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga, akatikisa kichwa. Breki ilikuwa ngumu, nzuri, haina kasoro. Akachungulia tairi, akamsifu Injinia hadharani kwamba pedi amezipachika kama mtu aliyesomea. "Breki ni nzima kabisa," alisema, na hakuwa na makosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia pedi hizo zimewekwa asubuhi ile ile. Kukanyaga kwa mke wakati anateremka, na hata baada ya gari kukwama mchangani, ndiko kulikozipandisha. Alikuwa ameitengeneza breki mwenyewe, kwa kuchelewa kidogo tu.

Macho yote yakamgeukia mke. Mmoja akasema hutokea sana, mtu anadhani yuko kwenye breki kumbe anakanyaga mafuta. Mwingine akauliza kwa nini hakuvuta breki ya mkono. Mama yake, amejishika paji, alisema kwa sauti ya kuchoka, "Nilijua. Vitu vingine si vya kulazimisha, mwanangu."

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa anasubiri neno lake, kwa sababu kwa mambo ya gari neno lake ndilo lilikuwa la mwisho.

Naye Injinia alikuwa ameshajua. Alijua tangu Taratibu alipotikisa kichwa, au pengine kabla, alipoiona jeki imelala pale uani na pedi za zamani kando yake. Mbele yake palikuwa na mkwewe mwenye nundu, Mstaafu aliyesikiliza mahubiri asubuhi nzima, na fundi ambaye alikuwa ametoka kummwagia sifa. Alifungua mdomo, na maneno aliyokuwa akiyatafuta hayakuja. Yakaja mengine.

"Pole, mke wangu," alisema. "Usijali. Hata mimi nilipoanza nilikuwa nazichanganya pedeli."

Aliyasema kwa upole kabisa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Watu waliguswa. Mstaafu alisema mbele ya wote kwamba waume kama hawa wamebaki wachache, mwingine angempigia mkewe makelele hapo hapo barabarani. Mama mkwe alimshukuru kwa kuwa mvumilivu. Injinia alipokea shukrani hizo ameinamisha kichwa, na waliomwona walidhani ni unyenyekevu.

Jioni ile mkewe alimpa leseni yake. "Iweke wewe," alisema. Aliiweka kwenye droo ya vifungo, chini ya vifungo vyenyewe, ili asiione kila anapofungua. Lakini kila suti na kila gauni lina vifungo. Akawa anaiona.

Mikate ikaanza kusambazwa na mpwa wa mwenye duka mmoja, kwa baiskeli, na mara nyingi ilifika imebonyea. Mke hakulalamika. Alipokwenda kliniki na mama yake walichukua teksi, na akiwa humo, mama yake alisema baadaye, alifumba macho kila dereva alipokaribia kona. Injinia alitengeneza bampa na taa, na safari hii alifanya kazi bila kumweleza mtu lolote. Mpita njia akimwuliza, alijibu kwa neno moja. Chumbani kwake alipoletewa gauni lililokatwa vibaya nyumbani, alilipokea, akaandika vipimo, akanyamaza, na mteja akaondoka na wasiwasi kwamba fundi anaumwa.

Alijitetea moyoni kwa kila namna. Alisema hakuna aliyekufa. Alisema akikiri sasa itaonekana vibaya zaidi kuliko angekiri siku ile, na hilo lilikuwa kweli, na kila siku aliyongoja lilizidi kuwa kweli. Alisema mkewe atasahau. Kila alipojitetea hivyo aibu ilimpanda upya, kwa sababu alijua yeye mwenyewe asingemkubalia mteja maneno kama hayo.

Kisha mchana mmoja aliingia jikoni kuchukua maji. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amempa mgongo, akisubiri mikate iive. Sakafuni mbele yake alikuwa amepanga ndala mbili, moja kulia, moja kushoto. Mguu wake wa kulia ulikuwa unahama kutoka ndala moja kwenda nyingine, polepole, na midomo yake inanong'ona. "Breki. Mafuta. Breki. Mafuta." Mara nyingine alifumba macho, akatupa mguu kwa ghafla, kisha akafumbua kuangalia umeangukia wapi. Umeangukia kwenye breki. Kila mara ulikuwa umeangukia kwenye breki. Alitikisa kichwa kama asiyeamini, akaanza tena.

Injinia alirudi kinyumenyume bila kuchukua maji. Alikwenda akakaa kwenye cherehani chake, akauweka uso mikononi. Alijiona mtu mdogo sana. Mke wake alikuwa anautilia shaka mguu wake mwenyewe, mguu ambao haukukosea hata mara moja, na aliyemfundisha kuutilia shaka ni yeye, kwa sauti ya upole, mbele za watu.

Jumapili iliyofuata alipiga jeki. Aliziwekea mawe tairi za nyuma, akafungua za mbele, akasukuma pistoni zote ndani, kisha akarudisha kila kitu mahali pake. Akaita.

"Mama, njoo unikanyagie."

Mkewe alitokea mlangoni. "Mtafute mtu mwingine. Mguu wangu si wa kuaminiwa."

"Injini imezimwa. Nimeweka mawe. Nakuomba."

Alikuja, akakaa, akaangalia mbele kwenye geti na mteremko. Injinia alichuchumaa pembeni ya mlango uliokuwa wazi.

"Kanyaga," alisema.

Alikanyaga. Pedeli ikazama mpaka sakafuni. Mkewe alishtuka, akaushika usukani kama siku ile, kisha akatulia. Aliinama akautazama mguu wake.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo yenyewe. Siku ile ilizama hivi hivi."

"Kanyaga tena."

Ikazama, si mpaka chini. Ya tatu ikapanda. Ya nne ikawa ngumu. Mkewe hakuutoa mguu. Alikaa pale ameikanyaga, na Injinia aliona jinsi anavyoyapanga mambo kichwani, moja baada ya jingine, bila kusaidiwa.

"Siku ile uliweka pedi mpya," alisema.

"Ndiyo."

"Na hukuniita."

"Sikukuita. Nilisahau. Nilikuwa kwa Mstaafu."

"Ulilijua lini hili?"

Hapo angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo. "Pale pale," alisema. "Kabla gari halijatoka mchangani."

"Halafu ukaniambia hata wewe ulikuwa ukizichanganya."

Injinia alitazama chini. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Maneno yake mwenyewe, yaliyorudishwa kwake kwa sauti ya kawaida, hakuwa amejiandaa nayo.

"Kamwambie mama," alisema mkewe.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, amekaa wima, na miwani mipya. Injinia alipiga goti mbele yake akaanza. Alieleza pedi ni nini. Alieleza pistoni zinavyorudi ndani, mafuta ya breki yanavyosafiri, kwa nini kukanyaga mara ya kwanza hakushiki na mara ya nne kunashika. Alieleza kwamba Taratibu asingeweza kugundua. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, na bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alimgeukia binti yake aliyesimama mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "nilikusema vibaya mbele za watu. Nisamehe."

Injinia, bado amepiga goti, aliyapitia maneno yake yote tangu alipoanza kule kwenye gari, na akaona kwamba katika maelezo yote yale neno hilo halikuwemo. Aliyelisema kwanza ni mama mzee aliyevunjiwa miwani. Uso ulimuwaka mpaka masikioni.

"Nisameheni," alisema. Lilitoka dogo, likiwa limechelewa.

Mke wake alikwenda kwenye chumba cha kushonea, akafungua droo ya vifungo bila kuuliza, akatoka na leseni. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Nalipeleka kwa Taratibu," alisema. "Alikague lote. Mama, twende."

Injinia aliondoa mawe kwenye tairi, akataka kufungua mlango wa nyuma aingie.

"Wewe baki," alisema mkewe. "Funga geti."

Gari liliteremka taratibu. Karibu na geti taa nyekundu za nyuma ziliwaka, likasimama pale pale lilipopaswa kusimama. Mkewe alitazama kulia, akatazama kushoto, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiwa na mguu kwenye breki. Kisha akaingia barabarani.

Mstaafu alikuwa ameshatoa kiti chake barazani.

"Injinia," aliita kwa utani, "umemwachia tena usukani? Una moyo wewe."

Injinia alikuwa na geti mkononi. Angeweza kucheka tu, kama watu wanavyocheka na jirani.

"Hakuwa na kosa lolote," alisema. "Breki niliziharibu mimi. Nikanyamaza."

Mstaafu alipunguza sauti ya redio. "Unasemaje? Sikukusikia vizuri."

Injinia aliliacha geti, akasogea mpaka kwenye ukuta mfupi, na akayarudia yote kwa sauti, tangu mwanzo, huku watu wawili waliokuwa wakipita wakisimama kusikiliza.